Mjane wa Mtu Aliye Hai

Obdulia Carrasco alimuua mumewe kwa ulimi tu, siku yake ya kwanza kazini, na kusema kweli hakukusudia.

Ilikuwa hivi. Kichekesho cha televisheni cha Kina Escamilla ndiyo kwanza kinaanza, na studio nzima, hapo Los Angeles, inanuka rangi mbichi na mbao. Obdulia alikuwa amepewa nafasi ya Bibi Tencha, mkubwa wa nyumba ile, mjane mwenye mdomo mkali na sufuria isiyoepuliwa jikoni. Mama mmoja wa vifaa vya jukwaani akamjia mbio akamwuliza kama ana picha yoyote ya mwanamume mtu mzima, itundikwe ukutani sebuleni iwe ya marehemu Babu Escamilla. Obdulia akafungua mkoba, akatoa picha ya Wenceslao Quiroz, masharubu mazito na tabasamu la upande mmoja. Sasa mtu asiniulize mimi picha ya mume uliyemwacha miaka na miaka inatafuta nini ndani ya mkoba wako. Swali hilo aulizwe mwenye mkoba.

"Mzuri huyu! Ni nani?"

"Mume wangu."

"Na yuko wapi siku hizi?"

"Huyo? Kwangu mimi amekufa."

Basi. Yule mama akalishika neno la mwisho akaondoka nalo. Kufika saa ya chakula, washika kamera, wapaka poda, wafagiaji, wote wameshampa pole. Fausto Arriaga, ambaye kwenye mchezo ndiye mwanawe, baba wa watoto wote wa nyumba ile, alimkumbatia akalia kwa kwikwi, kwani yeye mwenyewe alikuwa ametoka kumzika baba yake majuzi. Jitu zima limekuangukia begani, linakulowesha blauzi kwa machozi, utaliambia nini? Kwamba marehemu yuko mtaa wa Boyle Heights, hapohapo mjini, saa hizi kainamia cherehani anashona viti vya magari? Obdulia alimpapasa mgongo akasema, "Ndiyo dunia, mwanangu," na kitanzi akawa amejivalisha mwenyewe.

Uongo wenyewe, ukitaka kuwa mkweli, hakuusema hata siku moja. Aliuacha tu ujiendee. Magazeti yakaandika habari za mjane aliyeanza kuigiza uzeeni. Mashabiki wakamletea kadi za pole. Fausto, mtu wa dini huyo, akawa kila mwaka anaombesha misa kwa ajili ya roho ya Wenceslao, na Obdulia anakwenda, anapiga magoti, kijasho chembamba kinamtoka huku padri akilitaja jina la mtu ambaye jana yake tu ameonekana sokoni akichagua pilipili. Kila akitoka kanisani aliapa kwamba safari hii atasema. Kisha Fausto anamshika mkono kumteremsha ngazi, taratibu, kama mama yake mzazi, na kiapo kinayeyuka.

Na picha nayo ikapata umaarufu wake. Kila kipindi kilikwisha vilevile: nyumba nzima imelala, Bibi Tencha kabaki peke yake sebuleni, anaisimulia picha ya mumewe mambo ya siku ile. Nani kagombana na nani, nani kachoma maharage, nani kalia chooni akidhani hakusikika. Watu walipenda hapo kuliko vichekesho vyote. Kuna walionyamazisha watoto na kuzima majiko ili wasikose dakika hizo.

Msimu wa sita, Jumatatu moja, waliizunguka meza ndefu kama kawaida yao kuisoma skripti mpya kwa sauti. Nayeli Orduño, mkuu wa waandishi, binti wa hapohapo Los Angeles mwenye miwani mikubwa na moyo laini, siku hiyo hakukaa. Alisimama nyuma ya kiti cha Obdulia akamwekea mikono mabegani.

"Mama Obdulia, hii nimekuandikia wewe," alisema. "Ni zawadi yangu kwako."

Kipindi chenyewe kilikuwa cha Siku ya Wafu. Familia inajenga madhabahu sebuleni, maua ya manjano, mikate, matunda, picha za wote waliotangulia. Mwishoni Bibi Tencha anaitoa picha ya mumewe ukutani ilipokaa miaka yote, anaiweka katikati ya wafu wenzake, anawasha mshumaa, anamuaga. Nayeli alikuwa ameyaandika maneno ya kuagia kwa uchungu kiasi kwamba Fausto, kabla hata hawajafika ukurasa huo, alishaomba kitambaa.

Obdulia alizaliwa Michoacán, kule Mexico, kwenye nyumba ambayo mambo hayo hayakuwa mapambo. Picha ya mtu aliye hai haiwekwi madhabahuni. Ukiiweka umemwita, na anayeitwa huko huitika. Mama yake, kama picha ya marehemu ilikuwa ya kundi, alichukua mkasi akawakata walio hai mmoja mmoja, akabaki na marehemu wake, mabegani bado ana mikono ya watu wasiokuwepo. Na sasa yeye, kwa mkono wake mwenyewe, amweke Wenceslao?

"Hatuwezi kutafuta picha nyingine?" aliuliza.

"Nyingine? Mama, nchi nzima inamjua mzee huyu kwa sura!"

"Na mshumaa ni lazima?"

"Wa betri, wala usiogope. Watu wa zimamoto hawataki moto humu ndani."

"Mungu haangalii betri," Obdulia akasema.

Meza nzima ikaangua kicheko. Nayeli akachukua kalamu akaliandika lile neno liingie kwenye mchezo. Hebu fikiria.

Jumanne alijaribu tena, akasema labda mshumaa auwashe Fausto. Fausto akamwambia, "Mama, hiyo ni haki yako, siwezi kukunyang'anya." Alijaribu kuumwa mgongo, wakamletea kiti chenye mto. Watu wanaokupenda ni kazi ngumu kuwadanganya na kazi ngumu zaidi kuwaambia kweli. Jumatano, mazoezi yalipomalizika, alijikaza kisabuni akaenda Boyle Heights kumtafuta marehemu.

Karakana ilikuwa palepale nyuma ya nyumba. Wenceslao alikuwa ameupa mlango mgongo, anavuta ngozi nyekundu juu ya kiti cha gari la zamani. Amekonda. Masharubu yamekuwa meupe pe.

"Hodi."

"Karibu, weka funguo hapo mezani, gari tutali..." Akageuka. Koleo likamponyoka. "Mama yangu! Mjane wangu huyo!"

"Acha ujinga, Wenceslao."

"Mimi nimeacha kila kitu, mimi ni mtu wa ahera. Keti. Ngoja nipanguse. Keti hapa."

Alimfutia kiti kwa shati lake mwenyewe. Obdulia alikuwa amejiandaa kutukanwa, ameyapanga na majibu njia nzima, na sasa majibu yote hayana kazi.

"Kwa hiyo unajua," alisema.

"Nani asiyejua? Kinyozi ananiita Marehemu. Wanafunzi wakipita hapo nje wanapiga ishara ya msalaba kisha wanakimbia. Yule mama muuza tamales, mikate ya mahindi, wa pale kona alinilisha bure, eti hajawahi kupata nafasi ya kulisha roho."

"Na hukusema kitu? Ungepiga simu gazeti moja tu, ungeniumbua."

"Nikuumbue nipate nini?" Wenceslao alivuta kigoda akakaa mbele yake. "Kila Alhamisi unakaa unanisimulia siku yako ilivyokwenda. Tulipokuwa nyumba moja hukuwahi kunisimulia."

"Ulikuwa husikilizi."

"Kweli. Sasa nasikiliza. Na nakujibu."

"Unaijibu televisheni?"

"Kwani vibaya? Jirani anadhani akili imeniruka. Mwache adhani."

Obdulia alitazama pembeni. Walikuwa wameachana kwa neno moja tu, hawa. Alikuwa ametoka kiwandani, amechoka kushona suruali za watu, akamwambia mumewe kwamba anaacha kazi akaigize. Wenceslao akacheka, akamwuliza nani atalipa kiingilio kutazama uso ambao yeye anauona bure mpaka anachoka. Jioni ileile mwanamke akafunga sanduku. Hakuna aliyempigia mwenzake tena, kiburi kwa kiburi, na padri hakuitwa, hakimu hakuitwa, ndoa ikabaki inaning'inia tu.

"Lile neno nililokuambia," Wenceslao alisema, kana kwamba alikuwa anazifuata fikra zake kwa nyuma, "hujafika hata getini nilishalijutia. Lakini nikajiona mwanamume. Nikakaa humu ndani na uanaume wangu. Nisamehe, Duli."

Hakuna mtu mwingine aliyemwita Duli duniani. Obdulia alipenga kamasi kwa nguvu ili asilie, kisha akamweleza habari za madhabahu, haraka haraka, jinsi kila kitu kilivyoharibika, jinsi Nayeli alivyomwandikia zawadi, jinsi asivyoweza kukataa bila kujivua nguo mbele ya watu wanaomwamini. Wenceslao alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka hadi akashika kifua.

"Weka tu," alisema. "Mimi siogopi betri."

"Mimi naogopa."

Likatoka hivyo, wazi, na wote wawili wakalisikia. Wenceslao akaacha kucheka.

"Basi wiki yenyewe imekuwa mbaya kidogo," alisema polepole. "Jumatatu napasuliwa moyo."

"Nini?"

"Kuna mlango ndani ya moyo haufungi vizuri, ndivyo wanavyosema. Hata mimi nimeshangaa kwamba nina milango."

"Nani anakupeleka?"

"Jirani ana gari."

"Na nani atakaa pale akungoje?"

Wenceslao aliinua mabega, akaokota koleo lake sakafuni.

"Basi siweki," Obdulia akasema. "Siweki chochote."

"Utaweka! Kipindi kinatoka mwisho wa mwezi, sijui nitakuwa wapi mwisho wa mwezi. Mimi nataka kusikia utaniagaje. Umekuja nayo hiyo skripti? Nisomee."

Alikuwa nayo mkobani. Aliivaa miwani, akaisogeza karatasi mbali kidogo, akaanza kwa sauti ya Bibi Tencha. "Mzee wangu, wewe ulikuwa paa la nyumba hii..."

"Paa? Lile paa lilikuwa linavuja!"

"Marehemu haongei, Wenceslao."

"Samahani. Endelea."

"Mvua na jua vilikupiga wewe, sisi tukalala pakavu. Katika miaka yetu yote hukuwahi kuniambia neno la kuniumi..." Alilitazama lile neno kwenye karatasi kama limeandikwa sasa hivi.

"Ruka hapo," Wenceslao alisema kwa upole.

Hakuruka, wala hakuendelea. Alikunja karatasi, akaaga vibaya kama mtu aliyeacha jiko linawaka, akaondoka. Njia nzima alijigombeza: kwa nini hukumwambia utakuja Jumatatu? Maneno mawili tu. Mwanamke anayekariri kurasa na kurasa kashindwa maneno mawili.

Ijumaa, siku ya kurekodi, watazamaji wakajaa vitini. Walikuwa watu wa kwao hao, wa kutoka East L.A., wa kutoka Pacoima, akina mama waliovaa vizuri kama wanaokwenda ubatizo, wanawacheka Kina Escamilla kabla hawajasema kitu. Obdulia alikuwa ameshakata kauli. Mwenyewe amekubali, mwenyewe ameomba aagwe, basi atamuaga. Mchezo ulikwenda vizuri kupita kiasi. Lile neno la betri lilipata kicheko kirefu mpaka Fausto akalazimika kungoja.

Kisha taa zikapunguzwa. Bibi Tencha akabaki peke yake na madhabahu. Alikwenda ukutani, akaitoa picha, na pale ilipokuwa pakabaki alama ya mraba, rangi mbichi ya siku ile ya kwanza. Akatembea nayo. Akaisimamisha katikati ya maua. Wale akina mama vitini walishaanza kuvuta kamasi. Akaushika mshumaa, kidole kiko kwenye swichi chini yake, akafungua mdomo.

"Mzee wangu," alisema.

Wenceslao akamtazama kutoka kwenye maua, na tabasamu lake la upande mmoja.

Kidole kikakataa. Alijaribu tena. Akauweka mshumaa chini, akainyakua picha ile akaikumbatia kifuani kwa mikono miwili, na sauti iliyomtoka haikuwa ya Bibi Tencha.

"Siwezi. Nayeli, binti yangu, siwezi. Huyu mtu yuko hai."

Watazamaji wakavunjika mbavu. Walidhani ndiyo mchezo.

"Yuko hai, jamani! Yuko Boyle Heights, anashona viti vya magari! Sikuwahi kuwa mjane hata siku moja. Nilisema kwa hasira tu, mkaanza kunipa pole, nikashindwa kuwarudishia."

Kicheko kikafifia kidogo kidogo, kama redio inayoishiwa, kwa sababu waliona machozi. Kamera zilikuwa bado zinarekodi. Nayeli akatoka kule nyuma alikokuwa akaja mpaka ukingoni mwa jukwaa, miwani mkononi. Fausto naye akatokea kwenye mlango wa jikoni, bado amevaa fulana ya mchezo, uso umempauka.

"Mama," alisema. "Nimemwombeshea misa. Kila mwaka."

"Najua, mwanangu."

"Nililia hapa. Begani kwako."

"Ulikuwa unamlilia baba yako. Na mimi nilikushika kwa kweli, Fausto. Pale hapakuwa na uongo. Kwingine kote upo, lakini si pale."

Fausto alisimama akihema. Hata yule mwenye kazi ya kuwachekesha watu wakati wa mapumziko hakujua aanze wapi.

"Na hizo misa zangu basi zimekwenda wapi?" aliuliza hatimaye.

"Sijui. Labda ndizo zilizomweka mpaka leo. Jumatatu anapasuliwa moyo. Kwa hiyo ukinikasirikia nikasirikie, una haki, ila tafadhali usiache kumwombea."

Fausto akaguna. Akajipangusa uso kwa kiganja. Akaja, akaichukua picha mikononi mwake taratibu, akaitazama kwa muda kama mtu aliyekutana na mjomba wake mtaani.

"Kumbe wewe ni mzima, mzee," aliiambia. "Umekula pole zetu bure." Kisha akageuka, akaenda kuitundika ukutani mahali pake, akaiweka sawa kwa kidole. "Hapa hauwashwi mshumaa wowote leo."

Mmoja vitini akapiga makofi, kisha mwingine, kisha wote wakasimama. Nayeli alikuwa amekaa pale pale sakafuni ukingoni mwa jukwaa, analia na kucheka pamoja. "Miaka sita!" alisema. "Mama Obdulia, mimi naitwa mwandishi, na miaka sita unanishinda!" Akainuka, akawaambia watu wa kamera wasizime, akamwambia Obdulia amalize anavyotaka mwenyewe.

Obdulia alisimama mbele ya ukuta. Alijifuta macho kwa aproni ya Bibi Tencha.

"Wewe hushuki hapo," aliiambia picha. "Bado sijamalizana nawe."

Wakairekodi hiyo. Hawakurudia.

Jumatatu asubuhi alifika Boyle Heights kabla ya gari la jirani. Wenceslao alifungua mlango ameshika mfuko mdogo wa nguo, ndevu kanyoa. Obdulia alimpokonya mfuko, akamwambia amefunga vibaya vifungo vya shati, akavifungua vyote akavifunga upya.

Hospitali walimchukua, milango ikafungwa, na yeye akabaki kwenye viti vya plastiki na mkoba wake mapajani. Fausto alikuja akakaa upande mmoja na rozari yake. Nayeli akaja na kahawa akakaa upande wa pili. Hakuna aliyechekesha. Obdulia aliutazama mlango ule mpaka macho yakamuuma, na alikuwa anaogopa waziwazi, hofu ya kumfanya mtu asikie kiu. Alifikiria miaka yote ya misa na pole na kadi, alivyozoea kuitwa mjane mpaka neno likamkaa kama kiatu cha siku nyingi. Akaona kwamba yote yale yalikuwa mchezo, na kwamba saa hii, nyuma ya mlango ule, ndipo anapoweza kuwa mjane kweli.

Muuguzi alitoka mchana umeshaegemea upande wa pili. Mwanamke mfupi, kofia ya kijani, amechoka.

"Ndugu wa Wenceslao Quiroz?"

Wote watatu wakasimama.

"Wewe mama ni nani wake?"

"Mke wake," Obdulia alisema, kisha akalirudia neno hilo. "Mimi ni mke wake."

Muuguzi akatabasamu. "Imekwenda vizuri. Ameamka. Ila bado dawa za usingizi zinamchezea, maana kila dakika anauliza kama mjane wake amekuja. Tunamwambia, mzee, wewe hujafa. Hasikii."

Fausto alifunika uso kwa mikono. Nayeli akamshika Obdulia kiwiko, akidhani ataanguka, lakini hakuanguka.

"Mwambie mjane hayupo," Obdulia alisema. "Mwambie amekuja mkewe."

Akatundika mkoba begani, akamfuata muuguzi ndani.